Moteri ya kusaga ikikwama, musiipige nyundo

Mashini ya kusaga ikilala miezi mingi, maji ya mvua yanaingia kwa bomba la moshi. Pistoni inashikwa na kutu ndani ya silinda, na manivele inakatala kuzunguka.

Wengi wanakimbilia nyundo. Pistoni nyingi ni za aluminiumu, zinapasuka upesi. Mpya itatoka mjini kwa pesa za sanduku letu, huku mihogo inangoja na wamama wanatwanga kwa mikono.

Fanyeni hivi, wanachama. Toeni injekteri, mumimine kwa tundu lake mazutu na mafuta ya moteri, nusu kwa nusu. Muache siku tatu, mukiongeza yakipungua. Kisha mushike gurudumu kubwa, mulisukume kidogo mbele, kidogo nyuma. Likisogea hata upana wa kidole, kutu imeachia, muendelee polepole.

Mbele ya kuwasha, muzungushe moteri injekteri ikiwa nje, uso mbali na tundu, mpaka mafuta yote yatoke. Yakibaki juu ya pistoni, bieli itapinda. Mubadilishe pia mafuta ya chini.

Kazi ikiisha na moteri ikipoa, mufunike bomba la moshi na mukebe. Ni kinga isiyo na bei.