Konokono Mzuri Mwenye Sumu Kali

Mtu wa bara ashukapo pwani kwa mara ya kwanza hupenda kuokota magamba ya baharini ili awapelekee watoto nyumbani. Lakini yampasa ajue jambo moja. Katika miamba ya pwani yetu, na Bahari ya Hindi yote hata Pasifiki, wamo konokono wenye gamba la umbo la pia, lililopambwa kwa madoa na mistari kama kitambaa cha thamani. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndani ya gamba hili hamna mti, mna sumu.

Mchana konokono huyu hujificha mchangani au chini ya mawe. Usiku hutoka kuwinda. Wengine hula minyoo, wengine konokono wenzao, na wengine samaki. Je, atambaaye polepole atamkamataje samaki? Silaha yake ni jino lenye uwazi ndani kama mrija, na ncha kama ya chusa cha mvuvi. Humchoma nalo samaki, sumu ikapita ndani yake, na samaki hulegea mara moja.

Aliye hatari kuliko wote huitwa na wataalamu Conus geographus, naye hufikia sentimita 15 hivi. Sumu yake huziba njia za habari katika mishipa ya fahamu, hata misuli isipate amri. Aliyechomwa aweza asisikie maumivu makubwa. Mahali palipochomwa hufa ganzi, macho huona vitu viwili viwili, viungo hulegea, na mwisho kifua hushindwa kuvuta pumzi. Mwaka 1935, katika kisiwa cha Hayman, Australia, kijana mmoja alimshika konokono huyu mkononi akilikwangua gamba lake kwa kisu. Alichomwa, akafa baada ya saa chache.

Dawa ya kuipinga sumu hiyo haipo. Aliyechomwa asichanjwe, wala asitembezwe. Mkono au mguu wake ufungwe bendeji pana, naye apelekwe hospitali upesi. Pumzi ikikoma, apuliziwe hewa kinywani bila kuacha mpaka afike kwa daktari.

Hata hivyo, sumu hii imezaa dawa. Baldomero Olivera, mtaalamu wa Ufilipino, alianza kuichunguza nchini kwake wakati alipokuwa na vyombo vichache tu, ila konokono walikuwa tele. Baadaye, huko Utah, Marekani, msaidizi wake Michael McIntosh, kijana aliyetoka tu shule ya sekondari, alipata katika sumu ya Conus magus kitu kinachozuia habari za maumivu. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu dawa iitwayo ziconotide, iliyotengenezwa kwa kukiiga kitu hicho. Hutiwa katika maji ya uti wa mgongo, kwa wagonjwa ambao maumivu yao yamezishinda dawa nyingine.

Basi, msomaji, ukiliona gamba la umbo la pia ufukoni, hata likidhaniwa ni tupu, usilishike wala usilitie mfukoni. Mwonye na mtoto wako. Sumu iliyo dawa mkononi mwa mtaalamu ni mauti mkononi mwa asiyejua.