Kutoka Bungeni hadi Mahakama ya Juu: Safari ya Jaji Njoki Ndung'u

Hakimu wa Thika au Ruiru akimpata mtu mzima na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 13, hana budi kumfunga miaka isiyopungua 20. Kima hicho kilitoka wapi?

Asili yake ni Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006. Awali, sheria ilitaja upeo wa juu tu wa adhabu, na mengine yakaachiwa busara ya hakimu. Aliyewasilisha mswada huo ni Njoki Ndung'u, mbunge mteule katika Bunge la Tisa (2003–2007). Baadaye, kati ya 2009 na 2010, alihudumu katika Kamati ya Wataalamu iliyoandaa Katiba mpya. Katiba hiyo ndiyo iliyounda Mahakama ya Juu, naye akawa mmoja wa majaji wake wa kwanza mwaka 2011.

Kifungu cha 163 cha Katiba huzifunga mahakama nyingine zote kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu. Mwaka 2024, mahakama hiyo iliamua kwamba vima vya chini vya sheria ile vingali halali.

Wapo wanaoviona kuwa ngao ya mtoto. Wengine hulalamika kwamba kijana aliyependana na mwenzake hupimwa kwa mizani ya mzee mwovu. Hoja zote mbili zina uzito. Ila anayetaka mabadiliko hana budi kubisha mlango wa Bunge, kule kule sheria ilikozaliwa.