Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Vyanzo na Athari za Kiwewe katika Hatua za Maisha, kwa Mfano wa Logiri na Nile Magharibi, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza vyanzo vya kiwewe cha kisaikolojia na namna athari zake zinavyobadilika kadiri mtu anavyopita katika hatua za maisha, tangu utotoni hadi uzeeni. Mifano imetolewa katika eneo la Nile Magharibi nchini Uganda, hususan Logiri na maeneo mengine ya Arua na Koboko, ambako watu wa rika moja wamepitia vita, uhamisho, kurejea na kuwapokea wakimbizi wengine. Hoja kuu ni kwamba kiwewe hujikusanya: tukio jipya hujengwa juu ya la zamani. Kwa hiyo, huduma inayomuuliza mtu juu ya tukio la karibuni pekee huacha sehemu kubwa ya jeraha bila kuguswa. Makala yanahitimisha kwa kujadili nafasi ya lugha, Kiswahili kikiwamo, katika uponyaji.

1.0 Utangulizi

Logiri ni kata ya Vurra, kusini mwa mji wa Arua, katika nchi ya Walugbara inayopakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kaskazini kabisa mwa eneo hilo ipo Koboko, nyumbani kwa Wakakwa, ambako mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inakaribiana. Kwa wakazi wa maeneo haya mpaka ni njia ya soko, ni njia ya kwenda kwa wajomba, na mara kadhaa umekuwa njia ya kukimbilia.

Ili kuelewa uzito wa jambo linalojadiliwa, na ichukuliwe kalenda ya mtu yeyote aliyezaliwa katika eneo hili mwaka 1976. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwezi Aprili 1979, alikuwa na miaka mitatu. Alipofikisha minne, mwishoni mwa 1980, vijiji vilikuwa vinakimbiwa kuelekea Zaire na Sudan. Kama alirejea katikati ya miaka ya 1980, alirejea akiwa na umri wa kuanza shule, au akiwa ameuvuka. Akiwa kijana wa miaka 19, kundi la waasi la West Nile Bank Front lilikuwa likishambulia. Alipofikia 40, mwaka 2016, wakimbizi kutoka Sudan Kusini walikuwa wakiingia kwa maelfu. Huyu si mtu mmoja mahususi. Hii ni hesabu ya miaka tu. Lakini ni hesabu inayowahusu watu wengi, nao leo ndio wazazi, walimu, wauguzi na babu na bibi wa eneo hilo.

2.0 Dhana ya Kiwewe

Katika matumizi ya kila siku, kiwewe ni hali ya kuchanganyikiwa kwa hofu ya ghafla. Katika saikolojia, neno hili hutaja jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio lililotishia uhai au utu wa mtu na kuzidi uwezo wake wa kulikabili. Tukio si kiwewe chenyewe. Kiwewe ni kile kinachobaki mwilini na akilini baada ya tukio kupita.

Mwaka 1980, mwaka uleule ambao Nile Magharibi iliingia katika kipindi chake kigumu zaidi, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliorodhesha kwa mara ya kwanza maradhi ya mfadhaiko baada ya kiwewe katika mwongozo wake wa uchunguzi. Dalili zake ni za aina tatu kuu. Kwanza, tukio hurudi bila kuitwa, kwa ndoto mbaya au kumbukumbu za ghafla zinazomfanya mtu ahisi kana kwamba jambo linatendeka upya. Pili, mtu hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Tatu, mwili hukaa macho muda wote: usingizi haupatikani, hasira huja upesi, na kishindo kidogo hushtua. Wahenga walikwisha kuiona hali hii waliposema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Maelezo ya kibiolojia yanaafikiana na methali hiyo. Wakati wa hatari, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio na misuli ikajiandaa kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, mfumo huo hutakiwa kutulia. Kwa mwenye kiwewe, sehemu ya ubongo inayotambua hatari, yaani amigdala, huendelea kupiga kengele, huku kumbukumbu ya tukio ikiwa imehifadhiwa vipandevipande bila kufungwa kwenye wakati na mahali pake. Ndiyo maana jambo la mwaka 1981 linaweza kuhisiwa kama la leo asubuhi.

3.0 Vyanzo: Tukio, Mrundikano na Mazingira

Chanzo cha kwanza ni tukio lenyewe. Katika Nile Magharibi, matukio ya kihistoria yanafahamika. Baada ya waliokuwa askari wa Amin kuvuka mpaka na kushambulia Koboko na Arua mwezi Oktoba 1980, jeshi la serikali mpya lililipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981, watu waliokuwa wamekimbilia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, walishambuliwa na makumi kati yao wakauawa. Mahali palipoaminika kuwa ni pa usalama pakawa pa mauti, na jambo hilo lina uzito wake kisaikolojia. Kiwewe kinachosababishwa na binadamu mwenzako, tena katika kimbilio, kwa kawaida hudumu zaidi ya kile cha mafuriko au radhi ya mvua, kwa sababu huvunja imani kwamba watu na mahali vinaweza kutegemewa.

Chanzo cha pili ni mrundikano. Utafiti wa Neuner na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulihusisha watu 3,339 katika eneo la Nile Magharibi na Sudan ya kusini, wakiwamo Waganda, Wasudani waliobaki kwao na wakimbizi wa Kisudani. Ulibaini kwamba kadiri idadi ya matukio ya kutisha aliyoyapitia mtu ilivyoongezeka, ndivyo dalili zilivyoongezeka. Miongoni mwa watu 58 waliokuwa na idadi kubwa kabisa ya matukio, wote walikuwa na dalili zilizotimiza vigezo vya ugonjwa. Matokeo haya yana maana kubwa kimaadili. Yanaonyesha kwamba suala si udhaifu wa mtu, kukosa imani, wala woga. Mzigo ukizidi kiwango fulani, yeyote anaweza kulemewa.

Chanzo cha tatu ni mazingira yanayofuata tukio. Njaa, kukosa ardhi, kutengana na jamaa, ukatili wa nyumbani na dharau huendeleza hatari hata baada ya bunduki kunyamaza. Kwa upande mwingine, jamaa wanaompokea mtu, mazishi yanayofanyika ipasavyo na kazi yenye kipato hupunguza makali. Katika vita vya Nile Magharibi, wengi walikosa hata hilo la mazishi: maiti ziliachwa njiani, na wafiwa wakabaki bila kaburi la kulilia.

4.0 Athari katika Hatua za Maisha

4.1 Utotoni

Mtoto mdogo hana maneno ya kueleza alichokiona, bali huonyesha kwa mwili na mwenendo. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekuwa akisema hunyamaza. Mwingine hang'atuki kwenye upindo wa nguo ya mama. Katika umri huu, kinga kubwa ni mlezi aliyetulia. Mlezi naye akiwa amejeruhiwa, mtoto hukosa kioo cha kujifunzia utulivu.

Athari haziishii utotoni. Nchini Marekani, utafiti wa Felitti na wenzake uliochapishwa mwaka 1998, uliowahusisha watu wazima 9,508, ulionyesha kuwa waliopitia aina nne au zaidi za madhila ya utotoni walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua, na pia maradhi ya mwili kama ya moyo na mapafu. Madhila yaliyochunguzwa yalikuwa ya nyumbani, si ya vita. Kwa mtoto wa vita, yale ya nyumbani huongezwa juu ya yale ya barabarani.

4.2 Ujanani

Kijana anajenga utambulisho na kuutazama mbele. Kiwewe humfanya aone kwamba mbele hakuna kitu, hivyo hana sababu ya kusoma wala kuweka akiba. Darasani huonekana mvivu au mkorofi, ilhali usiku hakulala na mchana ubongo wake unalinda mlango. Wengine hutafuta nafuu katika pombe na bangi. Wengine huvutwa na makundi yenye silaha, ambayo humpa aliyedhalilishwa hisia ya kuwa na nguvu. Hivyo, kiwewe kisichotibiwa chaweza kuwa athari ya vita vya jana na vilevile mbolea ya vita vya kesho.

4.3 Utu uzima

Kwa mtu mzima, kiwewe mara nyingi huvaa nguo ya maradhi mengine. Mgonjwa hufika zahanati akilalamikia kichwa, mgongo, tumbo au moyo kwenda mbio. Hupewa dawa ya maumivu, akarudi baada ya mwezi na malalamiko yaleyale. Nyumbani, hasira yake huwaangukia mke, mume au watoto. Nao, bila kujua asili yake, hujifunza kuishi kwa tahadhari. Njia hii ya malezi ndiyo iliyo dhahiri zaidi katika kukirithisha kiwewe, hata kwa watoto waliozaliwa wakati wa amani.

Mwaka 2016 uliwaletea watu wazima wa Nile Magharibi mtihani wa pekee. Mapigano yaliyozuka Juba mwezi Julai yaliwasukuma wakimbizi wengi kuvuka mpaka. Makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa Yumbe mwezi Agosti, na Imvepi yakafunguliwa upya mwaka uliofuata. Wenyeji waliotoa ardhi walikuwa wakimbizi wenyewe miongo mitatu kabla. Kumbukumbu hiyo iliwapa wengi huruma. Lakini kwa wengine, kuwaona akina mama wenye mizigo kichwani na watoto mgongoni kulikuwa ung'ongo wa methali.

4.4 Uzeeni

Wapo waliovumilia kwa kufanya kazi bila kupumzika. Uzee unapowaondolea kazi, mwenzi na nguvu, kumbukumbu zilizokuwa zimesukumwa kando hurejea. Mzee huamka usiku akiita majina ya waliokufa, na familia husema kwamba ni uzee tu. Hapa ndipo methali inaposema kweli: mwenye kovu usidhani kapoa.

5.0 Njia za Uponyaji

Nile Magharibi imechangia pakubwa katika elimu ya kutibu kiwewe duniani. Katika makazi ya Imvepi, yaliyokuwa wakati huo sehemu ya Wilaya ya Arua, Neuner na wenzake walilinganisha njia tatu kwa wakimbizi 43 wa Kisudani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kundi moja lilipata vikao vinne vya tiba ya masimulizi, jingine ushauri nasaha wa kawaida, na jingine elimu kuhusu kiwewe pekee. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 tu ya waliopata tiba ya masimulizi walikuwa bado na ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 79 na 80 katika makundi mengine. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo, lakini tofauti ilikuwa kubwa.

Katika tiba hiyo mtu husimulia maisha yake yote kwa mfuatano, tangu kuzaliwa, mema na mabaya. Anapofika kwenye tukio la kutisha, husaidiwa kulieleza polepole: alichokiona, alichohisi, alichofikiri, na mwili wake unavyohisi sasa anaposimulia. Masimulizi huandikwa na kusomwa tena mbele yake hadi kumbukumbu ipate tarehe na mahali pake. Nguvu ya tiba hii imo katika kulifuata jambo lililoelezwa juu: kwa kuwa kiwewe hujikusanya katika maisha yote, nayo huyapitia maisha yote.

Tatizo ni uchache wa wataalamu. Jaribio lililofanyika katika makazi ya Rhino Camp na kuchapishwa mwaka 2020 lilionyesha njia moja ya kulipunguza. Wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki. Baadhi yao walipata vikao vitano vya vikundi, vilivyotumia mafunzo yaliyorekodiwa na kitabu cha picha, vikiongozwa na watu wasio wataalamu waliopewa mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye, msongo wao ulikuwa umepungua zaidi kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Wapo wanaopinga mwelekeo mzima. Summerfield (1999) alidai kwamba kuyaita mateso ya vita ugonjwa ni kuhamishia Afrika mawazo ya nchi za Magharibi, na kuligeuza suala la haki kuwa suala la dawa. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Kwa Walugbara, kama alivyoeleza Middleton mwaka 1960, maradhi yalihusishwa na uhusiano wa mtu na ukoo wake, walio hai na waliotangulia. Lakini pande hizo mbili hazilazimiki kupingana. Anayeshindwa kulala kwa miaka 40 anahitaji usingizi, na pia anahitaji ukoo, kaburi na ukweli kuhusu yaliyotendeka.

6.0 Suala la Lugha

Uponyaji hupitia katika maneno, na maneno yana historia. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa ya Uganda mwaka 1973 wakati wa Amin, na marekebisho ya katiba ya 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, kwa Waganda wengi wa rika la wazee kilisikika kwanza kambini na kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari. Kwa baadhi yao, amri ya Kiswahili inaweza kuamsha hofu yenyewe. Papo hapo, katika masoko ya mpakani na Kongo, Kiswahili ni lugha ya bei, ya utani na ya undugu.

Kwa hiyo, wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa aina mbili. Kwanza, kusanifu istilahi za afya ya akili zinazoeleweka na zisizomdhalilisha mgonjwa. Kumwita mwenye kiwewe kichaa ni kumfungia mlango wa zahanati. Pili, kukubali kwamba simulizi ya kindani husemwa kwanza katika lugha ya mama, iwe Kilugbara, Kikakwa au nyingineyo, na kwamba kazi ya Kiswahili ni kuwaunganisha watoa huduma na wahudumiwa wa pande zote za mpaka, si kuchukua nafasi ya lugha hizo.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kiwewe hutokana na tukio, mrundikano wa matukio na mazingira yanayofuata, na kwamba sura yake hubadilika: ukimya wa mtoto, ukaidi wa kijana, maumivu ya mwili ya mtu mzima na ndoto za mzee vinaweza kuwa na mzizi mmoja. Huduma za afya ya akili Nile Magharibi zimeelekezwa zaidi kwa wakimbizi, na hilo ni haki yao. Hata hivyo, mwenyeji wa Logiri aliyelala porini akiwa na miaka minne anastahili kuulizwa vilevile. Mhudumu wa zahanati anayekutana na mgonjwa wa kichwa kisichopona aweza kuanza kwa swali moja tu: mwaka 1980 ulikuwa wapi? Swali hilo halihitaji mashine wala dawa. Linahitaji muda, faragha, lugha inayofaa, na mtu aliye tayari kulisikiliza jibu hadi mwisho.