Kitalu nyumba kinachojimwagilia: anza na pipa

Mtu anayejenga kitalu nyumba Bariadi, mkoani Simiyu, akiniuliza afunge mtambo gani unaomwagilia wenyewe, kwanza namuuliza mimi: mtambo huo ukikwama wazi saa nane usiku, utapoteza lita ngapi kabla hujaamka? Wengi swali hili hawakuwa nalo. Wamekwisha kuwaza saa ya kufungulia maji, betri, na namna simu itakavyowaonyesha unyevu wa udongo wakiwa safarini Mwanza. Maji yenyewe wanayahesabu kuwa yapo.

Simiyu huwezi kuhesabu hivyo. Mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Shinyanga na Mwanza ni nchi ya pamba na ng'ombe. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hupotea, mito mingi hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba visima vifupi katika mchanga huo huo. Ndiyo sababu mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani ya KfW, za mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kuyaleta katika mkoa huu. Mahali pa namna hii mtambo hupimwa kwa hasara yake siku unapoharibika, maana kuharibika utaharibika. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote chenye waya, jenga kizuizi: kitu kitakachofanya maji ya siku moja yasizidi maji ya siku moja, hata kila kitu kingine kikienda kombo.

Tuchukue kitalu cha mita 6 kwa 15. Ukipanda mistari minne ya nyanya, shina kila sentimita 30, unapata miche 200. Mche uliokomaa na kubeba matunda ndani ya kitalu chenye joto la huku hunywa kama lita moja na nusu kwa siku. Jumla ni lita 300, yaani madumu 15. Mche mchanga hunywa kidogo sana, kwa hiyo lita 300 ni kilele. Kwa miezi minne, hata ukihesabu kila siku kuwa ya kilele, hutavuka lita 36,000.

Sasa tazama juu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la kitalu hiki ni mita za mraba 90. Mwaka wenye milimita 700 huliangushia lita 63,000, na ukifunga mfereji mzuri ukapoteza moja ya tano, zinabaki zaidi ya lita 50,000. Yaani paa la nailoni ambalo watu wanaliona kuwa mwavuli tu linashika maji mengi kuliko yanayohitajiwa na zao zima lililo chini yake. Kazi ni kuyahifadhi, na hapo ndipo pesa inapokwenda: simtanki kubwa, au shimo lililotandikwa nailoni nzito na kufunikwa. Kati ya mtambo wa kisasa wenye tangi dogo na koki ya mkono yenye hifadhi kubwa, mimi ningechukua hifadhi.

Tukishuka kwenye mabomba, kuna jambo ambalo wauzaji wa mipira ya matone hawalisemi sana. Tundu lililoandikwa kuwa linatoa lita moja kwa saa linatoa hivyo kwenye shinikizo la bari moja, na bari moja ni tangi lililoinuliwa mita 10 hivi. Nani Bariadi atajenga mnara wa mita 10 kwa ajili ya nyanya? Pipa lililowekwa juu ya jukwaa la mita moja lina sehemu ya kumi tu ya shinikizo hilo. Maji hayapungui mara kumi, maana katika matundu ya kawaida mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo. Kipeuo cha pili cha 0.1 ni kama 0.32, kwa hiyo tundu lako la lita moja linatoa theluthi ya lita. Matundu 200 yanatoa lita 64 kwa saa, na lita 300 zinahitaji karibu saa tano. Ukiinua pipa hadi mita mbili, mtiririko hauongezeki maradufu. Unaongezeka kwa asilimia 40 tu, na sasa una jukwaa refu lenye uzito wa kutisha juu yake.

Shinikizo hili dogo linatosha. Kenya, katika miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KARI ilieneza vifaa vya matone vya ndoo ya lita 20 iliyotundikwa mita moja kutoka ardhini, kwa teknolojia ya Richard Chapin, Mmarekani aliyetengeneza mipira ya matone, na bustani za mboga zilimwagiliwa kwa mfumo huo. Lakini shinikizo dogo halisamehe mteremko. Mstari ukishuka sentimita 20 kutoka mwanzo hadi mwisho, umeongeza moja ya tano ya shinikizo kwenye miche ya mwisho, na ile ya mwanzo itakuwa nyuma msimu mzima. Mwite fundi mwashi na mpira wake wa leveli usawazishe vitanda kabla ya kutandika chochote.

Sasa kizuizi chenyewe. Tangi la akiba likae nje. Kutoka hapo bomba la nusu inchi lipitie chujio, kisha koki, kisha liingie katika pipa la lita 200 lililo juu ya jukwaa la mita moja, na mdomoni mwake ufunge boya kama lile la tangi la choo. Siri iko kwenye koki: usiifungue yote. Ibane mpaka chupa ya lita moja ijae kwa dakika tano, pungufu kidogo. Huo ni mwendo wa lita 12 na nusu kwa saa, au lita 300 kwa siku. Pipa likijaa, boya linafunga. Pipa likifunguliwa kuelekea kwenye vitanda na likakwama wazi, au panya akitafuna mpira wa matone usiku (na panya hutafuna, hasa kiangazi wanapotafuta maji), unapoteza lita 200 za pipa na yale yanayodondoka polepole. Bila koki hiyo, mpira mmoja uliokatika unaweza kumaliza tangi la lita 5,000 huku umelala.

Kuna kasoro mbili. Koki iliyobanwa hukusanya uchafu haraka, kwa hiyo chujio liwe kabla yake, halafu rudia kipimo cha chupa kila wiki. Pili, tangi la akiba likishuka, msukumo wake unashuka nalo na mwendo unapungua. Fungua koki kidogo. Wakati miche ni midogo, ibane zaidi.

Baada ya pipa ndipo pa kuweka valvu inayojifungua. Hapa watu wengi hutupa pesa. Valvu ya umeme iliyotolewa kwenye mashine ya kufulia, au ile ya bei rahisi ya bustani za mjini, kwa kawaida hutumia shinikizo la maji yenyewe kunyanyua utando wake, na huhitaji bari 0.2 au zaidi. Pipa lako lina 0.1. Utaisikia ikilia tak, na maji hayatoki. Ulizia ile inayofanya kazi kuanzia shinikizo la sifuri, au koki ya tufe inayozungushwa na mota ndogo ya volti 12. Ya mota hutumia umeme inapozunguka tu, kwa hiyo betri ya pikipiki na paneli ndogo ya sola vinaiweza vizuri. Ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika ikiwa wazi, inabaki wazi. Ndiyo maana pipa limetangulia.

Saa ya kuiendesha iwe rahisi. Fungua saa kumi na moja alfajiri kwa saa tatu, kisha saa kumi jioni kwa saa mbili. Usimwagilie adhuhuri, maana maji yaliyolala ndani ya mpira mweusi juani hutoka ya moto. Kwa mazoea haya mawili utakuwa umeshapata faida kubwa ya mtambo, ambayo ni maji kufika kwa ratiba ile ile. Nyanya inayokaushwa siku mbili kisha ikafurikishwa hupasuka, na kitako chake huoza kwa kukosa kalsiamu hata kama kalsiamu imejaa udongoni, kwa sababu kalsiamu husafiri na maji.

Wanaotaka kihisio cha unyevu, sawa, siwakatazi. Kibao cha Arduino (kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa), rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na kihisio vinapatikana, na kijana yeyote anayetengeneza simu anaweza kuviunganisha. Epuka kihisio chenye meno mawili ya chuma yaliyo wazi, kwa sababu umeme ukipita kati yake katika udongo wenye maji na mbolea, huliwa na kutu haraka. Chukua kile kinachopima bila chuma kugusa udongo, na kingo zake zipake rangi ya kucha maji yasiingie.

Udongo wenyewe utakusumbua zaidi. Udongo mweusi wa mbuga unaojaa Simiyu hupasuka ukikauka. Ufa ukifunguka kando ya kihisio, kinapima hewa, kinaripoti ukame, mtambo unamwagilia, maji yanapita kwenye nyufa kwenda chini ya mizizi, na kihisio bado kinalia kiu. Kwenye mbuga changanya samadi iliyooza kwa wingi, funika vitanda kwa nyasi, au jaza vitanda vyako udongo mwepesi unaoitwa luseni, wa juu ya miinuko. Kisha kipime kihisio kwenye udongo huo huo: kavu kabisa, halafu uliolowa na kuachwa uchuje usiku mmoja. Namba za kiwandani hazikuhusu. Nacho kipewe mamlaka ya kuzuia tu: kikikuta kuna unyevu, kiiambie valvu isifunguke leo. Kisipewe mamlaka ya kuongeza saa.

Ukilazimika kutumia maji ya lambo badala ya ya paa, huja na tope jembamba linaloziba matundu. Yatulize kwanza kwa shabu katika chombo cha pembeni, kisha yapitishe kwenye chujio la matundu ya mikroni 130 hivi. Mwisho wa kila mpira uwe wa kukunja na kufunga, ili Jumamosi uufungue na kuusukuma uchafu utoke. Tangi likiwa jeupe au likipitisha mwanga litaota ukijani, kwa hiyo nunua jeusi au lifunike.

Asiye na umeme wala sola ana njia ya kale zaidi, iliyoandikwa China katika karne ya kwanza kabla ya Kristo: chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, kinafukiwa hadi shingoni na kujazwa maji. Udongo wa nje ukikauka, huvuta maji kupitia kuta za chungu, na ukishiba, mvuto unapungua wenyewe. Hakuna kihisio kinachofanya hivyo vizuri. Kwa miche 200 vyungu vingekuwa vingi mno, lakini kwa pilipili hoho au mchicha wa kitanda kimoja, chungu cha lita tano au sita katikati ya miche minne kinatosha kwa siku kadhaa. Kifunike kwa kigae au jiwe bapa, la sivyo utakuwa unafuga mbu.