Diani ya picha na Kwale ya wenyewe

MTU ambaye hajawahi kuvuka kivuko cha Likoni anaijua Diani. Ameiona katika kalenda zilizotundikwa madukani, katika vijitabu vya kampuni za utalii, katika mabango ya uwanja wa ndege na, siku hizi, katika simu yake. Mchanga mweupe, mnazi ulioinamia maji, ngalawa moja yenye tanga na anga isiyo na wingu.

Picha hiyo si ya uongo. Mchanga wa Diani ni mweupe kweli, na si mara moja wala mbili ufuo huo umetuzwa katika mashindano ya kimataifa ya utalii kuwa bora barani Afrika. Lakini picha ya safari ni kama shahidi aliyeulizwa swali moja tu. Hata akijibu kwa ukweli, yapo mengi ambayo hakuulizwa. Katika Kaunti ya Kwale, ambako riziki ya familia nyingi inafungamana na sura ambayo ulimwengu umepewa ya pwani yao, hayo yasiyoulizwa yana uzito.

Tuanze na bahari. Picha nyingi za Diani hupigwa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, maji yakiwa yamejaa na kutulia. Kusi inapoanza kuvuma kuanzia Aprili, bahari huchafuka na mawimbi hurusha majani mengi ufuoni. Mgeni aliyenunua safari kwa sababu ya picha ya Januari akafika Juni, aghalabu hudhani ametapeliwa. Hakutapeliwa na mtu; alionyeshwa msimu mmoja akaudhania kuwa mwaka mzima.

Isitoshe, maji ya pwani hii hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, mtu anaweza kutembea mbali juu ya miamba kabla ya kugusa maji ya magotini. Wapiga picha wa matangazo huukimbia wakati huo kwa kuwa bahari imeondoka. Kwa wenyeji, huo ndio wakati wa kazi. Wanawake hutoka na vyuma vyao kutafuta pweza katika mashimo ya miamba. Wavuvi huziweka sawa nyavu zao katika bandari ndogo kama Mwaepe na Mvuleni, ambazo zimebanwa katikati ya kuta za hoteli na majumba ya kifahari. Ni wageni wachache wanaofahamu kwamba bandari hizo zina viongozi wake waliochaguliwa, chini ya vikundi vya usimamizi wa fuo vilivyowekewa kanuni na serikali mwaka 2007.

Hapa ndipo picha ya ufuo mtupu inapoanza kuleta taabu. Ufuo usio na mtu humfanya mtazamaji aamini kwamba mahali hapo hapana mwenyewe, au kwamba mwenyewe ni hoteli iliyochapisha picha.

Historia inasema mengine. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani wapeleke madai yao ya ardhi, mmoja mmoja, ili yasajiliwe. Wadigo na Wamijikenda wengine, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ya jamii, kwa sehemu kubwa waliachwa nje ya utaratibu huo. Kutokana na hayo, na kutokana na ugavi wa viwanja uliofuata baada ya uhuru, wapo wazee wa Kwale wanaoitwa maskwota katika ardhi walikozikwa babu zao.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inatamka kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni mali ya umma. Kwa hivyo hakuna hoteli inayomiliki mchanga unaoloweshwa na bahari, hata kama kijitabu chake kimeandika maneno "ufuo wa faragha" chini ya picha. Tatizo ni njia. Ufuo ni wa umma, lakini mtu wa Ukunda hulazimika kutafuta kichochoro kati ya kuta mbili ndefu ili aufikie, na vichochoro hivyo havionekani katika picha yoyote ya matangazo.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba wenyeji na wahamiaji wa pwani hii nao wamekuwa na picha zao za safari, tena zenye ubunifu kuliko za kalenda. Katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, palikuwa na wapiga picha waliojenga vibanda vidogo vya rangi nyingi. Ndani walitundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege, majumba marefu na miji ya mbali. Mtaalamu wa anthropolojia kutoka Ujerumani, Heike Behrend, aliwachunguza na kuandika kwa kirefu juu ya kazi yao.

Wateja wengi walikuwa vibarua na wafanyakazi kutoka bara waliokuja kutafuta riziki Mombasa. Mtu alisimama mbele ya meli iliyochorwa, akanyoosha shati, akapigwa picha, kisha akaituma kwa mama yake kijijini. Meli ile haikung'oa nanga asilani. Hata hivyo picha ilibeba habari ya kweli: nimefika, ningali hai, na mambo yangu si mabaya sana. Kwa maoni ya mwandishi huyu, pazia lile lilikuwa na uaminifu kuliko picha nyingi za vijitabu vya utalii, kwa sababu kila aliyeitazama alijua kwamba imechorwa, na aliyepigwa picha ndiye aliyechagua asimame mbele ya nini.

Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na machafuko yakaenea. Watu wa bara ndio waliolengwa. Wengi waliuawa na maelfu wakayakimbia makazi yao. Picha za vibanda vilivyoteketezwa zilizunguka dunia, na kwa muda zikaifuta kabisa ile ya mnazi na ngalawa. Vyumba vya hoteli za kusini vikabaki vitupu, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Ufuo wa Diani, ambao ulikuwa vilevile Julai na Septemba, ukawa mahali pawili tofauti machoni mwa watu waliokuwa maelfu ya kilomita mbali. Ni mfano mchungu wa gharama inayolipwa na eneo ambalo ulimwengu unalifahamu kwa picha moja tu: ikija nyingine ya kutisha, hakuna ya tatu ya kuisawazisha.

Basi vipi kuhusu watu wanaoingia katika picha? Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar na Mombasa ziliuza postikadi nyingi za watu wa pwani. Chini ya sura ya mwanamke paliandikwa kabila lake au kazi yake; jina lake halikuandikwa. Desturi hiyo haijafa. Tazama leo picha ya mzee anayeshona jarife Msambweni: maelezo yake yatakuwa "mvuvi wa Kiafrika", kana kwamba mzee huyo hakupewa jina na wazazi wake.

Msambweni kwenyewe, kusini mwa Diani, kunafaa kutupiwa jicho. Wageni ni wachache, majabali yanatazama bahari, na wapiga picha husifu utulivu wake. Mojawapo ya picha zinazopendwa na wapita njia vijijini ni ya watoto wakioga na kuruka katika kidimbwi, matone ya maji yakimeta juani. Lakini eneo hilo limekuwa likichunguzwa na watafiti tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo ambayo hukua ndani ya konokono wa maji baridi na kumwingia mtu kupitia ngozi. Kidimbwi kilichopendeza ndani ya kamera ndicho kinachomfanya mtoto akojoe damu. Mpiga picha hakukosea kuona uzuri. Alikuwa mgeni tu, na hakuna aliyemwambia maji yale ni ya namna gani.

Ndivyo ilivyo pia kwa Nguluku na Maumba, ambako mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa. Shehena ya kwanza ilisafirishwa Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Si rahisi kuikuta ardhi hiyo katika albamu ya mtalii aliyekuwa kilomita chache tu kutoka hapo.

Msomaji atauliza: je, sheria inasema nini? Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mwenye picha ni aliyeipiga. Aliyepigwa hana hakimiliki. Lakini Katiba inalinda heshima na faragha ya kila mtu katika Vifungu vya 28 na 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake ya kibinafsi. Mtalii anayepiga picha za kuweka nyumbani kwake haguswi na sheria hiyo. Lakini hoteli au kampuni ya usafiri inayotaka kutumia sura ya mtu kuuzia biashara lazima ipate idhini yake na, akiwa mtoto, idhini ya mzazi au mlezi.

Si maneno matupu. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza faini ya Sh4.55 milioni shule moja iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi ikatozwa Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja wake. Katika ukanda ambao ripoti ya UNICEF na serikali ya mwaka 2006 iliutaja, pamoja na Diani, kwa unyonyaji wa kingono wa watoto katika utalii, suala la nani anapiga picha za watoto na anazipeleka wapi haliwezi kuchukuliwa kama adabu tu.

Adabu nayo ina nafasi yake. Pwani, mtu haanzi na kamera. Huanza na hodi, shikamoo kwa mkubwa wake, na habari za nyumbani; ombi hufuata baadaye. Mgeni mwenye haraka huona huko ni kupoteza mwanga mzuri wa asubuhi. Wapo wenyeji watakaokataa, wapo watakaokubali bure, na wapo watakaodai chochote. Wale wanaodai pesa hulaumiwa sana, lakini sioni ajabu yake: kama picha ya ngalawa inauza chumba cha hoteli kwa maelfu ya shilingi, mwenye ngalawa kutaka chai si uroho.

Zipo sehemu za Kwale zilizokwisha kujipangia masharti yao. Gazi, ambako palikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, wanawake wamejenga njia ya mbao juu ya mikoko na hutoza ada wageni wanaopita kutazama na kupiga picha. Mikoko hiyohiyo, hekta 117 zake, iko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013. Mapato yake yamesaidia shule na maji ya kijiji. Katika picha utaona kijani kibichi tu. Kisiwani Wasini, wanawake nao wana njia yao juu ya matumbawe makavu. Watalii hukipenda kisiwa hicho kwa maji yake ya samawati, ilhali hakina mto wala chemchemi na kwa miaka mingi wakazi walikinga mvua ili wapate ya kunywa. Shimoni, mapango yanayokumbukwa kwa biashara ya watumwa husimamiwa na wanakijiji wenyewe.

Waliokwenda mbali zaidi ni wazee wa Kaya Kinondo. Msitu huo wa hekta 30 hivi, karibu kabisa na hoteli za Diani, ni mahali patakatifu pa Wadigo. Ulianza kulindwa kisheria mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Badala ya kuufunga msitu kabisa, wazee waliamua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwapokea wageni kwa masharti ya kaya.

Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Huvua kofia. Havuti sigara, habusu, hachumi jani wala haokoti kijiti. Huongozwa na kijana wa kijijini anayejua mti upi ni dawa ya nini. Kamera inaruhusiwa katika baadhi ya sehemu na kukatazwa katika nyingine, na kiongozi husema ni wapi. Ada yake inabaki kijijini.

Kwa hiyo msitu huu, ulio hatua chache kutoka ufuo unaopigwa picha usiku na mchana, una pembe ambazo hazimo katika kalenda yoyote. Mgeni anayetaka picha ya makaburi au ya mahali palipozikwa fingo haipati. Huelezwa habari zake kwa mdomo, akitembea polepole nyuma ya kiongozi, na anachoondoka nacho ni kile alichokisikia.