Mashine ya kupimia presha nyumbani

Mashine ya kupimia presha nyumbani ni kifaa cha kielektroniki kinachomwezesha mtu kujipima shinikizo la damu bila mhudumu wa afya. Huwafaa hasa wazee, kwa kuwa shinikizo la juu la damu huongezeka kadiri ya umri na mara nyingi halina dalili.

Kipimo cha zamani cha Mwitalia Scipione Riva-Rocci (1896) kilitumia zebaki, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov alieleza namna ya kusikiliza sauti za mshipa. Mashine ya kidijitali haisikilizi sauti hizo. Mkanda hujaa hewa na kubana mkono, kisha hulegea polepole. Kihisio hufuatilia mitikisiko midogo inayoletwa na mapigo, na programu hukadiria namba mbili: ya juu, moyo unaposukuma damu, na ya chini, unapopumzika. Kwa hiyo namba inayoonekana ni makadirio. Mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo huwapata zaidi wazee, huweza kuyapotosha.

Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo kweli. Vivyo hivyo kuongea, kukunja nne au kibofu kilichojaa. Mpimwaji hukaa kimya dakika 5, ameegemea kiti, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo.

Kipimo kimoja hakitoshi. Utaratibu unaopendekezwa ni kupima asubuhi na jioni, mara mbili kila wakati, kwa siku 7, kisha kuacha siku ya kwanza na kutafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa 135/85 au zaidi huhesabiwa kuwa juu. Kliniki kiwango ni 140/90, kwa sababu presha ya watu wengi hupanda mbele ya daktari.

Mashine nyingi hutunza vipimo, na baadhi huvituma kwenye simu. Kwa mzee ambaye simu yake hushikwa na wajukuu, daftari linatosha kabisa.

Hatari kubwa ni mgonjwa kuona 118/76 na kuacha vidonge, ilhali ni vidonge hivyo vilivyoishusha. Tena, presha ya wazee wengine hushuka wanaposimama. Namba ya juu ikipungua kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, mtu anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Kipimo cha kukaa peke yake hakionyeshi hali hiyo, hivyo hupimwa pia akiwa amesimama, mtu mwingine akiwa karibu.