Programu inavyotumwa vipande vipande bila kuharibika njiani

Nadhani kila mtu wa kafe anaijua hii: umelipia nusu saa, unadanlodi faili kubwa, limefika asilimia 90, mtandao puu! Unaanza upya na dakika zimeisha.

Sasa fikiria waandishi wa programu. Msimbo chanzo, yaani yale maandishi yenyewe ya programu, unabadilika kila siku. Udanlodi wote upya kila asubuhi? Haiwezekani. Dawa yake ni kutuma mabadiliko tu: mstari huu futa, huu ongeza. Kidude kidogo hicho huitwa kiraka.

Ila kiraka kina ubishi wake. Kiraka cha leo kimetengenezwa juu ya cha jana. Ukikosa kimoja, au ukianza na cha kesho, unaweza kuishia na msimbo ambao si wa jana wala wa leo, na programu inagoma bila wewe kujua kwa nini.

Waliolitatua vizuri ni watu wa FreeBSD, mfumo endeshi wa bure. Miaka ya 1990 wengine hawakuwa na intaneti ya maana, walikuwa na barua pepe tu. Poul-Henning Kamp wa Denmark akawatengenezea CTM. Kila badiliko linapewa namba na kutumwa kwa barua pepe. Likiwa kubwa linakatwa vipande, na vipande hata vikifika shaghalabaghala programu ya upande wako inavipanga yenyewe.

Hapa ndipo penye utamu. CTM inakumbuka namba ya mwisho uliyoweka. Kama uko 310 halafu ukaipa 312, haikubali, inataka 311 kwanza. Tena kila faili lina alama ya MD5, ambayo ni hesabu inayopigwa kutokana na maandishi yaliyomo: herufi moja ikibadilika, alama nayo inabadilika. Kwanza CTM inakagua kiraka chenyewe kama kimefika kizima. Halafu inakagua mafaili yako kama yanafanana na yale ya kule kilikotoka. Vyote vikiwa sawa ndipo inagusa kitu. Ukiwa umechezea faili mwenyewe, inakataa. Wapo watakaoona ni usumbufu, mimi naona heri ikatae kuliko iharibu kimyakimya.

Lakini jamani, MD5 inakamata ajali tu, mjanja haimkamati. Mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kupewa alama ileile.

Siku hizi wengi wanatumia Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. FreeBSD nao walihamishia msimbo wao huko mwishoni mwa 2020. Kwenye Git kila badiliko linabeba alama ya lililolitangulia, kwa hiyo mnyororo ukikatika inajulikana. Na kwa sisi wa bando la kuungaunga kuna amri inaitwa git bundle: unafunga mabadiliko mapya tu kwenye faili moja, unatia kwenye flashi, unampelekea mwenzio. Yeye anapiga kwanza git bundle verify, na kama hana yale ya nyuma yanayohitajika, anaambiwa palepale.

Aliyewahi kuijaribu atupie maoni hapo chini.